Sekunde Kumi

Laptop yangu ilizima Mabela, mwezi wa Juni,
siku joto lilipogonga arubaini na saba
na feni yake ikakata tamaa.
Ilizima katikati ya mishahara ya watu thelathini na wawili,
madereva wa lori za vigae, Wadi Kabir,
nami nimekaa, kiganja juu ya kibodi,
kama anayempima mtoto homa.

Bosi anataka Windows. Hapana mjadala.
Programu yake ya hesabu ilizaliwa humo na itazikwa humo.
Haya, dirisha. Lakini dirisha gani hili
linalonigongea mimi, saa nne za usiku,
kunambia ngoja, najisasisha, usinizime,
asilimia thelathini,
asilimia thelathini,
asilimia thelathini?

Wifi yangu Raudha ana Mac.
Huishika kwa ncha za vidole, kama kikombe cha wageni.
"Ukishaizoea hii," hunambia, "hurudi tena ulikotoka."
Mama akauliza ile alama ya mgongoni ni nini.
Tufaha, nikamwambia.
"Hilo si tufaa. Tufaa linanukia waridi,
unalila na chumvi, barazani.
Na nani ananunua tunda lililokwisha kuumwa?"
Nikamtajia bei: riali mia sita na kitu.
Akanyamaza.
Kisha akauliza kama linakuja na gari.

Mchana ni wa vigae. Usiku ni wangu, na usiku nachora herufi.
Bibi Zeyana alituachia daftari,
Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, wino wa buluu:
pe yenye nukta tatu chini ya tumbo,
che iliyozificha zake ndani,
ve iliyojitwika zake kichwani kama kuni.
Nataka zikae kwenye skrini, zichapwe,
wajukuu watumiane kwenye simu.
Nimetunga maneno ya kuzijaribia:

    Paka wangu kapotea, kutwa nzima simuoni,
    chano kipya kachezea, vibibi avitamani.

Kwenye dirisha langu kuukuu herufi ziliachana mikono,
kila moja kivyake, watu wa foleni ya benki.
Kwa Raudha zilishikana, tena kwa madaha,
machozi yakanilenga,
nikaikumbuka bei, yakarudi.

Ndipo akaja Mundhir, mtoto wa shangazi,
flashi mfukoni, macho ya mtu asiyelala.
"Linux," akasema. "Bure."
Nembo yake pengwini.
Pengwini! Mabela! Mwezi wa Juni!
Akaifungua laptop, akapuliza vumbi la miaka minne,
akakesha na skrini nyeusi, maandishi meupe,
akiguna, akimaliza halua yangu kwa kijiko.
Alfajiri mashine ikaamka bila kupiga kelele.
Pe ikamshika alif mkono. Paka akasomeka paka.

Printa, lakini, haimtambui.
Mpaka leo inamtazama yule ndege
kama mgeni aliyesahau kitambulisho nyumbani.

Dirisha hakulifuta. Aliikata diski kama muwa,
pingili ya bosi, pingili yangu.
Sasa nikiiwasha huniuliza nakwenda wapi
na papo hapo huanza kuhesabu: kumi, tisa, nane.
Usipochagua, inakuchagulia.

Mama alikuwa nyuma yangu, kashika sufuria.
Alizitazama tarakimu zikishuka.
"Wewe unapewa sekunde kumi?"
Bibi Zeyana alitoka Unguja na daftari lile
na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye huyu, mwenye sufuria.
"Sisi tulikuta imeshachaguliwa," akasema,
akarudi jikoni, wali usije ukashika chini.

Kesho madereva wanataka pesa zao.
Ve bado imeinama kidogo kushoto.
Saba. Sita.
Kidole changu kiko juu ya mshale, hakijashuka.
Tano.
Paka wangu hajaonekana.